Diski mbili ndani ya kompyuta moja: njia nne za kuchagua ipi iwashe mashine

Mwezi uliopita dada mmoja mwenye steshenari karibu na soko la Mbuyuni, hapa Moshi, aliingia kwangu amekumbatia kompyuta ya mezani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alikuwa amenunua SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, akawekewa Windows upya, na kwa wiki tatu mashine ilikwenda vizuri. Kisha akaambiwa diski ya zamani haina kazi tena, akaitoa ampelekee mdogo wake anayesoma Arusha. Kesho yake taa iliwaka, feni ikazunguka, halafu kioo kikabaki cheusi na mstari mmoja wa maandishi: hakuna diski ya kuwashia. Mlangoni kwake wanafunzi walikuwa wamepanga foleni kuchapisha ripoti.

"Fundi, Windows si iko kwenye hii mpya? Sasa ile ya zamani inatafutwa ya nini?"

Swali lake liligusa penyewe. Watu husema "kubadili diski ya kuwashia" kana kwamba ni jambo moja, lakini ziko njia nne, na kila moja hugusa sehemu yake ya mashine. Nimeziandika hapa ili anayesitasita ajue anachokigusa kabla hajakigusa. Sitamwambia mtu kwamba njia fulani ndiyo bora, kwa sababu mwanafunzi anayejaribu Linux, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, kwenye laptopu yake ya chuoni na ofisi ya watalii kule Arusha yenye kompyuta sita na wafanyakazi wanaopokezana hawana shida moja.

## Nani anaamua mashine iwakie wapi

Ukisimama stendi asubuhi utaona magari ya Arusha yakipakia kwa zamu. Anayeshika zamu hatazami gari lipi ni jipya. Anaita lililo juu ya orodha, na likiwa halina dereva anaita linalofuata. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, kuna programu ndogo, inayoitwa BIOS kwenye mashine za zamani na UEFI kwenye za miaka ya karibuni, ambayo imeshika orodha ya diski, fulashi na hata mtandao. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha inaanza na cha juu. Inachokitafuta pale si Windows yenyewe bali dereva wake, programu fupi ambayo mafundi tunaiita butiloda. Ikimkuta inamwachia usukani, naye ndiye anayeiamsha Windows au Linux.

Sasa, abiria wanaweza kuwa wamekaa kwenye gari jipya huku dereva yuko kwenye gari la zamani. Ndicho kilichompata yule dada. Windows ilipowekwa, diski zote mbili zilikuwa zimechomekwa. Programu ya kusakinisha ilikuta kwenye diski ya zamani tayari pana sehemu ya butiloda, ikaitumia hiyo hiyo, kisha ikamwaga Windows kwenye SSD. Kwa wiki tatu diski aliyoambiwa haina kazi ndiyo iliyokuwa ikiwasha mashine kila asubuhi.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua njia yoyote, angalia dereva wako yuko wapi. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha Enter. Utaona diski zako zimepangwa, Disk 0, Disk 1 na kuendelea. Tafuta kigawanyo, yaani kipande cha diski kilichotengwa, kilichoandikwa EFI System Partition. Diski yenye kigawanyo hicho ndiyo yenye butiloda. Kwenye mashine inayotumia BIOS ya zamani tafuta neno System. Hapo Microsoft walichagua majina yanayopotosha: kigawanyo kilichoandikwa System ndicho chenye butiloda, na kilichoandikwa Boot ndicho chenye Windows. Nimeona mafundi wenye uzoefu wakisoma kinyume na kutoa diski isiyotakiwa kutolewa. Ikiwa butiloda na Windows viko kwenye diski moja, njia zote nne ziko wazi kwako. Kama haviko pamoja, njia ya nne ina mtego, nami nitaueleza nikifika huko.

## Vigezo vyangu

Nazipima njia zote kwa mambo manne. La kwanza ni kudumu: badiliko ni la kuwasha mara moja, au litabaki hadi mtu alibadilishe? La pili ni mahitaji, yaani vitufe, bisibisi, fulashi, muda. La tatu, ambalo mimi nalipa uzito kuliko mengine, ni hatari na njia ya kurudi: ukikosea, unaweza kurudi ulikotoka ndani ya dakika tano, au utashinda siku nzima? La mwisho ni nani atakuwa mbele ya kioo kila siku. Mashine ya mtu mmoja na mashine ya kaunta hazipangwi kwa namna moja.

Sikuweka kasi kati ya vigezo. Kuchagua diski ya kuwashia hakuongezi kasi. Kasi inatoka kwenye diski yenyewe. Anayehamia SSD ataona tofauti kubwa kwa njia yoyote kati ya hizi, ilimradi Windows iwe kwenye hiyo SSD.

## Njia ya kwanza: menyu ya kuwasha mara moja

Kudumu. Badiliko ni la safari hiyo tu. Ukizima na kuwasha tena, mashine inarudi kwenye orodha yake ya kawaida kana kwamba hukufanya kitu.

Mahitaji. Kujua kitufe na kukibonyeza mapema. Kwenye Dell ni F12. Kwenye HP unabonyeza Esc kwanza halafu F9. Lenovo nyingi ni F12. IdeaPad nyingi zina tundu dogo ubavuni lenye kitufe ndani, unalibonyeza kwa pini mashine ikiwa imezimwa. Laptopu nyingi za Asus hutumia Esc. Acer ni F12, lakini kwenye nyingi menyu hiyo imefungwa kiwandani, inabidi uingie BIOS kwa F2 uifungulie. Mac za Intel zinataka ushike kitufe cha Option mara baada ya kuwasha, na Mac zenye chipu za Apple zinataka uendelee kushikilia kitufe cha kuwasha mpaka uone diski zikijipanga. Kwenye baadhi ya laptopu vitufe vya F havifanyi kazi hii mpaka ushike Fn pamoja navyo.

Mashine za sasa huwaka haraka kiasi kwamba kidole kinachelewa. Ukiwa ndani ya Windows 10 au 11 huna haja ya kushindana nayo: shika Shift huku ukibofya Restart, utapata ukurasa wa bluu wenye chaguo la kutumia kifaa kingine.

Hatari na njia ya kurudi. Hii ndiyo njia isiyoacha alama. Umechagua diski isiyo yake? Zima, washa, umerudi. Tahadhari ni moja tu, nayo inahusu njia zote: laptopu nyingi za Windows 11 huja diski yake ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofanya diski isisomeke bila ufunguo, au kinga ya aina hiyo, bila mwenye mashine kujua. Mashine ikihisi mpangilio wa kuwasha umeguswa inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha mara ya kwanza. Kama laptopu ulinunua mtumba na akaunti ni ya mtu usiyemjua, usiguse chochote kabla hujajua ufunguo uko wapi.

Inamfaa nani. Fundi, mwanafunzi anayejaribu, mtu mwenye diski ya nje anayotaka kuiwasha mara moja kwa mwezi. Haifai kaunta. Kijana wa zamu ya asubuhi hatakumbuka F9, na hupaswi kumtegemea akumbuke.

## Njia ya pili: kupanga upya orodha ndani ya BIOS au UEFI

Kudumu. Badiliko linabaki mpaka mtu aingie tena kulibadilisha. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa, ila ziko hali tatu zinazolifuta bila ruhusa yako, na nitazisema.

Mahitaji. Kuingia ndani: F2 kwenye Dell, Acer na Asus nyingi, F10 kwenye HP, F1 kwenye ThinkPad, Delete kwenye mashine nyingi za mezani zilizoungwa na mafundi. Nenda sehemu iliyoandikwa Boot, pandisha diski unayoitaka iwe juu, hifadhi, toka. Kwa mtu aliyewahi kuingia huko ni kazi ya dakika tatu.

Nakuomba jambo moja kabla ya kugusa: piga picha kila ukurasa kwa simu. Haina gharama, na imeniokoa mara nyingi kuliko programu yoyote niliyowahi kununua.

Hatari na njia ya kurudi. Kinachowachosha watu wengi ni kwamba wanapanga orodha vizuri, wanahifadhi, na mashine inaendelea kuwakia diski ile ile. Sababu kwenye BIOS za zamani ni kwamba orodha ziko mbili. Ya kwanza inapanga aina za vifaa: diski, DVD, USB, mtandao. Diski zote zimo chini ya jina moja. Nani atangulie kati ya diski na diski kumeandikwa kwenye orodha nyingine, mara nyingi kwenye ukurasa wenye maneno Hard Drive pamoja na Priority au BBS. Ukiipanga ile ya nje tu, ni sawa na kusema magari ya Arusha yatangulie ya Tanga bila kusema gari lipi la Arusha.

Kwenye UEFI kinyume chake ndicho kinachochanganya. Badala ya jina la diski unaona Windows Boot Manager, na ukiwa na Windows mbili kwenye diski mbili unaweza kuona jina hilo mara mbili. Soma maandishi yanayofuata jina, mara nyingi yana namba au muundo wa diski. Yasipokuwepo, zima mashine, chomoa diski moja, ingia tena uone jina lipi limebaki.

Ukurasa huo huo una vitu viwili vya kuviacha kama ulivyovikuta. Kimoja ni kubadili kati ya UEFI na Legacy, yaani mtindo wa BIOS ya zamani. Windows iliyowekwa kwa mtindo mmoja haitawaka kwa mtindo mwingine. Cha pili ni mfumo wa SATA, namna mazabodi inavyowasiliana na diski, ule wa kuchagua AHCI au RAID. Ukiubadili, Windows inaweza kusimama na skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Data haijapotea. Rudisha kama ilivyokuwa na itawaka. Nimewaona watu wakifuta diski nzima kwa sababu ya skrini hiyo, na kila nikikumbuka picha za watoto na hesabu za duka zilizokwenda na maji, roho inaniuma.

Sasa zile hali tatu. Ya kwanza ni betri ndogo ya mviringo kwenye mazabodi, CR2032 ya volti 3. Mashine nyingi za mezani zinazouzwa mtumba Moshi na Arusha zimeshakaa miaka mingi na betri hiyo imekufa. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma miaka kadhaa na orodha yako ya kuwasha inaweza kufutika pamoja nayo. Ukiona saa imepotea kila umeme unaporudi, badilisha betri kwanza ndipo upange orodha. Ya pili ni kusakinisha mfumo mpya: Ubuntu, ambayo ni aina moja ya Linux, na Windows zote huwa na tabia ya kujiweka juu ya orodha zinapoingia, na apdeti kubwa ya Windows nayo inaweza kujirudisha juu. Ya tatu ni kuchomoa diski na kuirudisha. Baadhi ya mashine huihesabu kama mgeni na kuiweka mwisho.

Inamfaa nani. Mashine ya kaunta, ofisi, shule, mahali popote ambapo anayebonyeza kitufe hatakiwi kufikiri. Inamfaa pia mtu mwenye diski mbili zenye mifumo inayojitegemea, anayetumia mmoja kila siku na mwingine mara chache. Diski ya kila siku iwe juu, na ile nyingine aiite kwa njia ya kwanza.

## Njia ya tatu: menyu ya kuchagua mfumo

Hii ni ile orodha inayotokea kabla ya Windows au Linux kuamka, ikikuuliza unataka ipi huku sekunde zikihesabika kushuka.

Kudumu. Menyu hudumu, na uchaguzi hufanywa upya kila siku. Usipogusa kitu, inachukua chaguo la msingi uliloweka.

Mahitaji. Kwa Windows mbili, bonyeza Windows na R, andika msconfig, kisha nenda sehemu ya Boot, chagua ipi iwe ya msingi na isubiri sekunde ngapi. Kwa kawaida husubiri 30, nami huzipunguza ziwe 10. Kwa Linux menyu inaitwa GRUB, na mpangilio wake umo kwenye faili /etc/default/grub. Unabadilisha mistari ya GRUB_DEFAULT na GRUB_TIMEOUT kisha, kwenye Ubuntu na jamaa zake, unaandika sudo update-grub. Matoleo ya GRUB tangu 2.06 yamezima kwa msingi ile tabia ya kutafuta mifumo mingine, hivyo Windows ikikosekana kwenye menyu usidhani imefutwa. Huenda haijatafutwa tu.

Hatari na njia ya kurudi. Menyu inakaa kwenye diski moja. Diski hiyo ikifa au ikichomolewa, mfumo ulio kwenye diski nyingine nao unakosa mlango, hata kama ni mzima kabisa. Ndiyo sababu ninapoweka Linux na Windows kwenye diski mbili huichomoa ya kwanza wakati wa kusakinisha ya pili. Kila diski inapata butiloda yake. Baadaye GRUB inaweza kuionyesha Windows kwenye menyu, lakini GRUB ikiharibika, F12 bado itaifikia Windows moja kwa moja.

Ukitumia mifumo miwili, zima Fast Startup ndani ya Windows. Ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kabisa ukibofya Shut down. Sehemu yake inalala, na Linux ikienda kufungua diski hiyo inaikuta imeshikiliwa. Mara nyingi itakuruhusu kusoma tu bila kuandika, na hiyo ni heri, kwa sababu kuandika juu ya diski iliyolala ni kuharibu mafaili.

Inamfaa nani. Mtu mmoja anayehama kati ya mifumo kila siku. Wanafunzi wa vyuo vyetu ambao programu moja ya darasani inataka Windows na nyingine inaendeshwa vizuri kwenye Linux ndio hasa. Na tangu msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, nawaona wengi wenye mashine zisizokubali Windows 11 wakitaka kuingia Linux taratibu huku mguu mmoja ukiwa bado ndani ya Windows. Menyu inawapa nafasi hiyo.

## Njia ya nne: kubadilisha diski yenyewe kwa mkono

Kudumu. Hakuna njia inayodumu kuliko hii. Diski isiyokuwepo haiwezi kuitwa, hata orodha ifutike na betri ife.

Mahitaji. Bisibisi, muda, na mara nyingi pesa. Unaweza kusakinisha Windows upya kwenye diski mpya, au kunakili diski nzima kwa programu kama Clonezilla au Rescuezilla, zote za bure. Laptopu zenye nafasi ya DVD zinakubali kedi inayoshika diski ya pili mahali pale. Pima kwanza, maana zipo za unene wa milimita 9.5 na 12.7, na haziingiliani. Kama mazabodi ina tundu la M.2, la SSD nyembamba kama kijiti, angalia kwanza linakubali aina ipi: NVMe, SATA, au zote mbili, kwa kuwa vijiti hivyo hufanana sana machoni na duka halitakuambia kila mara.

Kunakili kunaweza kuchukua saa kadhaa diski ya zamani ikiwa imechoka. Usiianze kazi hiyo kwenye mashine ya mezani bila UPS, ile betri ya akiba, na kama unaifanya nyumbani tazama uniti za Luku zimebaki ngapi. Laptopu iwe na betri inayoshika chaji.

Hatari na njia ya kurudi. Mtego wa kwanza nimeshausimulia: kutoa diski yenye butiloda. Kwa yule dada wa Mbuyuni hatukuhitaji kuirudisha diski kutoka Arusha. Niliiwasha mashine kwa fulashi ya kusakinishia Windows, nikaingia kwenye kidirisha cha amri, nikapunguza kidogo nafasi ya SSD kwa diskpart, programu ya kugawa diski, nikatengeneza kigawanyo cha EFI cha MB 300 na kukipa herufi S, kisha nikaandika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Amri moja, dereva akahamia gari jipya. Ukiwa kwenye fulashi herufi za diski hubadilika, kwa hiyo andika dir C: kwanza, amri ya kuorodhesha mafaili, uthibitishe Windows iko C kweli. Na kama diskpart ni ngeni kwako, mwachie anayeijua, maana haikuulizi mara mbili kabla ya kufuta.

Mtego wa pili humpata anayenakili. Diski mpya inazaliwa na utambulisho ule ule wa ya zamani, mapacha wa jina moja. Ukiwasha zote zikiwa ndani, huna uhakika umewaka kwa ipi, na Windows inaweza kuizima moja ili kuepuka mgongano. Mteja wangu mmoja alifanya kazi siku nne akidhani yuko kwenye SSD, kumbe yuko kwenye diski ya zamani. Alipoifuta ya zamani, kazi ya siku nne ikaenda. Kosa lilikuwa langu, sikumwonya. Tangu hapo, nikimaliza kunakili nazima, nachomoa ya zamani, nawasha kwa mpya peke yake, naandika faili dogo kwenye desktopu kama alama. Diski ya zamani hubaki kwenye bahasha wiki mbili bila kufutwa, ikiwa na tarehe juu yake. Hiyo bahasha ndiyo njia ya kurudi, na hapa njia ya nne inazishinda zote: unairudisha diski mahali pake na kila kitu kiko kama kilivyokuwa siku ile.

Inamfaa nani. Anayehamia SSD moja kwa moja, mwenye mashine ya kaunta, mwenye laptopu yenye nafasi ya diski moja tu. Haimfai anayetaka kurudi na kwenda kila siku, wala laptopu ambayo diski yake imeunganishwa moja kwa moja na mazabodi, kama zilivyo Mac nyingi za miaka ya karibuni.

## Uko wapi wewe?

Unataka kujaribu tu diski ya nje au Linux ya kwenye fulashi: njia ya kwanza, na usiguse kingine chochote.

Umeongeza SSD kwenye kompyuta ya mezani na unataka ile ya zamani ibaki kwa ajili ya mafaili: sakinisha Windows kwenye SSD ikiwa peke yake ndani, kisha irudishe ya zamani na utumie njia ya pili kuiweka SSD juu. Wengi hufanya kinyume, halafu hurudi kwangu mwaka mmoja baadaye diski ya zamani ikifa na kuondoka na butiloda.

Ofisi yenye wafanyakazi wengi: njia ya pili au ya nne, pamoja na neno la siri la BIOS lililoandikwa kwenye daftari la ofisi. Lisiwe kichwani mwa mtu mmoja. Nimeitwa mara mbili kufungua mashine ambazo aliyelijua neno la siri alikwisha hamia mkoa mwingine.

Mwanafunzi wa mifumo miwili: diski mbili ukiweza, kila moja na butiloda yake, halafu njia ya tatu juu yake. Ukiwa na diski moja tu, menyu bado itafanya kazi, ila weka mafaili ya masomo na mahali pengine pia.

Mwenye laptopu ya mtumba asiyejua aliyemtangulia aliweka nini: anza na diskmgmt.msc, kisha BitLocker, kisha saa ya BIOS. Ukishayajua hayo matatu, rudi juu uchague.

Na kama diski imeanza kugonga tik tik, au kufungua folda moja kunachukua dakika nzima, achana na njia zote nne kwa sasa. Kila ukiiwasha unapunguza muda uliobaki nao. Izime, ichomeke kwenye mashine nyingine kwa adapta ya USB, anza na picha na hesabu, halafu mengine yafuate.